Tufe la Paina Bila Kerezo

Mimi ni fundi wa vitu vilivyonyooka. Milango, madirisha, vitanda, makabati, madawati ya shule. Kwa zaidi ya miaka ishirini pale Mjimwema, Njombe, mkono wangu umezoea pembe mraba na mstari wa kamba, na mtu akiniletea kazi ya mviringo nilikuwa namwelekeza Makambako, kwa mzee mmoja mwenye mashine ya kukereza. Huyo hufunga gogo kwenye kerezo lake, linazunguka, naye anagusa tu kwa patasi, na mguu wa meza unatoka umejaa vifundo vizuri kama shingo ya mtungi. Nilimpelekea wateja wengi. Kila aliponipigia simu kunishukuru nilihisi ananicheka.

Kwa hiyo siku kamati ya kigango chetu ilipotukusanya kanisani kuzungumzia dunia, nilijua kabisa kwamba kazi ile haikuwa yangu.

Dunia yenyewe ni ile inayokaa chini ya miguu ya sanamu ya Mama Bikira. Shuleni tuliambiwa umbo kama lile linaitwa tufe, lakini kigangoni hakuna aliyewahi kuliita hivyo. Ya zamani ilikuwa ya plasta. Paa lilivuja juu yake masika nzima, ikalainika taratibu kama andazi kwenye chai, mwishowe ikabomoka. Sanamu ilipona, ikalazwa sakristia na kufunikwa shuka. Mwenyekiti akapendekeza dunia mpya iwe ya mbao, na mbao zipelekwe Makambako zikakerezwe. Watu wote wakaitikia, na mimi niliitikia kwa sauti kuliko wengi.

Ndipo mama mkwe wangu akasimama. Yeye ni kiongozi wa akina mama pale kigangoni, mwanamke mrefu mwenye mwili, asiyesema mara mbili.

"Makambako kuna nini?" akauliza. "Mkwe wangu ni fundi. Ataitengeneza hapa hapa."

Kuna mtu nyuma yangu alikohoa kikohozi kisicho cha kifua. Wote walikuwa wanakumbuka mlango.

Acha niseme mwenyewe habari za huo mlango, maana wakisema wengine huwa wanaongeza chumvi. Miaka miwili kabla, nilimtengenezea mama mkwe mlango wa mbele, wa mbao za paina nilizozinunua Matembwe. Niliufunga kiangazi, ukafunga vizuri, nikasifiwa. Mvua zilipokuja ukavimba. Asubuhi ya Pasaka ulikwama, yeye yumo ndani na sare yake ya akina mama, kengele ya kwanza imeshalia. Nilisukuma kwa bega, nikachokonoa kwa patasi, nikatukana nisichopaswa kutukana siku ya Pasaka. Mlango haukusogea. Mwisho majirani wawili walimtoa dirishani.

Asiyeijua mila yetu ataona ni kichekesho tu. Kwetu mama mkwe huheshimiwa kwa umbali. Hamkai kiti kimoja, hamshikani mikono, na neno lenye uzito hupitia kwa mke wako hata kama mko chumba kimoja. Sasa mimi nilisimama chini ya dirisha, nimegeuza uso ukutani nisione anavyoshushwa, mikononi nimeshika viatu vyake. Alipotua alinyoosha kitenge, akachukua viatu, akaenda misani. Hakusema neno siku ile wala baadaye. Wiki iliyofuata ule mlango uling'olewa, ukawekwa wa chuma. Kwa fundi wa mbao hilo ni tusi lisilohitaji maneno, na mimi nililipokea kila Jumapili nilipopita pale.

Ndiyo maana aliposimama kanisani kunitaja, nilibaki nimeduwaa. Njiani nikamuuliza mke wangu mama yake alikuwa na maana gani.

"Mimi sijui," akasema. "Ila amesimama mbele ya watu kwa ajili yako. Ukishindwa, atakaa chini mbele ya watu hao hao."

Nikampigia simu mzee wa Makambako, nipate hata ushauri. Nikamwambia nataka kutengeneza tufe la mbao kwa mkono. Alicheka hadi akapaliwa.

"Bila kerezo? Utapata kabichi, bwana mdogo."

Hasira zangu hazihitaji kuni nyingi. Nikakata simu, nikafagia sakafu ya karakana, nikapigilia msumari katikati, nikafunga kamba yenye chaki, nikachora nusu duara la sentimeta ishirini kutoka katikati hadi ukingoni. Kisha nikaugawa mchoro kwa mistari ya kulala, kila mstari ukiwa juu ya mwenzake kwa unene wa ubao mmoja. Nikakaa kitako nikautazama. Kila mstari ulikuwa unaniambia upana wa duara moja: wa katikati mpana, wa juu yake mwembamba kidogo, na kadhalika hadi utosini. Tufe zima lilikuwa limelala pale sakafuni, limekatwa vipande vilivyonyooka. Vitu vilivyonyooka ndiyo kazi yangu! Nilijipiga kofi la paja peke yangu.

Nilikata maduara kumi na sita ya paina, mawili mawili ya kipimo kimoja. Yale mapana niliyatoboa katikati yawe kama pete, dunia isije ikamshinda mtu kuibeba. Nikayapaka gundi na kuyapanga. Yakikaa pamoja yalifanana na sufuria za sokoni zilizopangwa kwa ukubwa, rundo moja limesimama na jingine limepinduliwa chini yake. Baada ya hapo kazi ni kula ngazi. Kona ya nje ya kila ngazi unaiondoa kwa randa na tupa, na kona ya ndani, pale ubao unapokutana na mwenzake, huigusi, kwa sababu hiyo tayari iko kwenye ngozi ya tufe. Niliipaka penseli pande zote. Mstari wa penseli ukianza kufifia, unaacha.

Baada ya wiki tatu nilikuwa na dunia. Nilikuwa naiviringisha juu ya meza, nampa kila mteja aipapase, hata aliyekuja kutafuta bawaba. Mke wangu akaniambia niiache itulie kwanza. Mimi nikasema huyu mzee wa Makambako lazima aione kabichi yangu kwa macho yake.

Nikaifunga kwenye kitenge, nikapanda basi dogo la Kosta. Mama mmoja aliyekaa jirani alinitazama nilivyoipakata, akashindwa kujizuia.

"Baba, boga hilo umelitoa wapi? Nami nitafute mbegu."

Nilifika Makambako nikaambiwa mzee amekwenda msibani, atarudi keshokutwa. Mtu mwenye akili angerudi nyumbani. Mimi nikaenda kwa dada yangu, anayefanya biashara ya viazi, nikaiweka dunia barazani kwake ili wapita njia waione. Aliyewahi kushuka Makambako anaujua upepo wake. Unavuma asubuhi, unavuma mchana, unakausha nguo kabla hujamaliza kuanika ya mwisho. Siku tatu upepo ule uliipitia dunia yangu, nami nimekaa kando napokea sifa.

Siku ya tatu nikaifunga tena bila hata kuikagua, nikaenda kwa mzee. Nikaitua juu ya meza yake, nikafungua kitenge kwa madaha, nikiwa namtazama yeye usoni. Yeye alikuwa anaitazama dunia. Alipoinamisha kichwa na mimi nikatazama.

Ilikuwa imeachia. Kati ya ubao wa saba na wa nane kulikuwa na ufa unaoingia ukucha, na mwingine karibu na utosi, na upande mmoja tabaka zilikuwa zimejikunja midomo. Lilikuwa kabichi kweli.

Nilitamani acheke. Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Alitia ukucha kwenye ufa, akanusa, akaniuliza mbao zilikaushwa wapi.

"Njombe," nikasema. "Zilikauka kabisa. Niliziweka chini ya banda miezi miwili."

"Njombe mbao haikauki, mwanangu. Huacha tu kudondosha maji."

Akaniambia mbao ile bado ilikuwa imeshiba maji, na kila ubao ulikuwa unasinyaa kwa namna yake, gundi haikuwa na la kufanya. Ndipo nikauona mlango wa mama mkwe: mbao ndiyo iliyokuwa inasinyaa na kuvimba, si fremu iliyopinda. Miaka miwili nilikuwa namlaumu mwashi aliyejenga fremu. Nilimlaumu kwa watu wengi, kwa jina lake, na mara moja nilimlaumu mbele yake. Kumbe sisi mafundi wa kwetu tuna kipimo chetu: unaweka kiganja juu ya ubao, kisipolowa, umekauka. Ukungu unatuzoeza vibaya. Niliona aibu iliyonishika hadi masikioni, nikasimama pale kama mwanafunzi.

"Nifanye nini?" nikauliza. Sikumbuki mara nyingine niliyomuuliza fundi mwenzangu swali hilo.

"Upepo huu ni wa bure," akasema, akanionyesha nje kwa kidevu.

Wiki iliyofuata nilirudi Makambako na mbao mpya. Nilizipanga uani kwa dada, kila ubao na fito mbili chini yake ili upepo upite, nikafunika kwa bati. Dada yangu ana mzani wa kupimia viazi. Tukachagua ubao mmoja, tukautia alama, na kila Jumamosi akimaliza kupima magunia yake anaupima na ule, kisha ananipigia simu. Mwanzoni uzito ulikuwa unashuka kila wiki hadi dada akasema ubao wangu unaumwa. Baadaye ukawa unashuka kidogo. Makubaliano yetu yalikuwa kwamba usiposhuka Jumamosi tatu mfululizo, mbao zimekauka, na kabla ya hapo hata nikilia asinipe.

Nililia kweli. Sikukuu ya mtakatifu somo wa kigango, siku ya kuisimamisha sanamu, ilikuwa inakaribia na mimi sina hata duara moja. Wanakamati walipita karakana wakakuta natengeneza vitanda. Mwenyekiti alianza kusema, kwa upole wa mtu anayekuzika, kwamba si vibaya kukubali mapema. Mama mkwe alipoulizwa mbele ya watu dunia imefikia wapi, nilisikia alijibu neno moja tu: "Inakauka." Jioni ile alikuja kwetu, akakaa upande ule wa sebule, mimi nikiwa upande huu, akamwambia binti yake:

"Mwambie mwenzako watu wananiuliza."

"Mama anasema watu wanamuuliza," mke wangu akanigeukia.

"Mwambie mama imebaki Jumamosi moja."

"Anasema imebaki Jumamosi moja."

Mama mkwe akaitikia kwa kichwa, akanywa chai yake, akaondoka. Hakuuliza Jumamosi ya nini. Mimi usiku ule... hapana, usiku ule nililala vizuri, nisidanganye. Ila asubuhi nilimpigia dada simu kabla ya kunawa uso.

Jumamosi ikafika na ubao haukushuka hata kidogo. Nilizichukua mbao siku hiyo hiyo. Ukizigonga zilikuwa zinalia, si kugugumia kama zile za kwanza. Gundi nayo haiipendi baridi ya Njombe, hugeuka unga mweupe kama chaki kabla haijashika, kwa hiyo nilihamia jikoni kwa mke wangu, karibu na mafiga, muda wa maharage. Yeye anachochea chungu, mimi napaka gundi. Safari hii nyuzi za mbao zote nilizilaza upande mmoja, zikitaka kusinyaa zisinyae pamoja. Nilibana rundo kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, nikaweka gunia la mahindi juu yake, na kwa siku mbili hakuna aliyeruhusiwa kuchota mahindi.

Kisha randa, tupa, na kipimo changu. Nilikuwa nimekata tundu la mviringo lenye upana wa dunia yenyewe kwenye kipande cha plaiwudi, nikapasua kipande kikawa nusu mbili zinazoweza kufungwa na kufunguliwa. Ukingo wa tundu niliupaka mkaa. Naivisha dunia ile pete, naizungusha, navua. Panapobaki weusi pana kinundu. Nakwangua hapo, navisha tena kwa upande mwingine, natazama weusi, nakwangua. Mwanzo dunia ilikuwa na madoa kama ng'ombe. Kila siku madoa yalipungua, na mimi nikawa natumia msasa laini zaidi, hadi siku moja mchana niliivua pete nikakuta weusi umepaka mstari mwembamba kuizunguka yote, bila kukatika mahali. Nikageuza, nikavisha tena. Mstari mzima. Nikageuza mara ya tatu, mara ya kumi. Niliita mke wangu aje aone, na nilipoita sauti ilinitoka ya ajabu, akaja anakimbia akidhani nimejikata.

Niliipaka vanishi siku hiyo hiyo, unyevu usipate pa kuingilia. Halafu nikafanya jambo lililomkasirisha mke wangu: nikaifunga kwenye kitenge, nikairudisha Makambako.

"Wiki mbili kabla ya sikukuu!" akasema. "Kichwa chako kimetengenezwa na mbao gani?"

Lakini safari hii sikwenda kuringa. Niliiweka barazani kwa dada, kwenye upepo uleule, nikaiacha wiki nzima bila kuipa hata kivuli. Niliporudi nilipitisha ukucha kwenye kila kiungo, pole pole, kama anayetafuta chawa. Ukucha haukukwama popote. Nikaipeleka kwa mzee.

Aliipapasa pande zote. Aliiweka kwenye meza yake ya chuma, akaisukuma kwa kidole kimoja. Ikaenda, ikaenda, imenyooka kama kamba, bila kuyumba, nikaikimbilia upande wa pili kuidaka. Nikamsukumia, akairudisha tena kwangu. Tulicheza pale kama watoto, wanaume wawili wenye mvi, wateja wakisubiri. Kisha akaenda kwenye kerezo lake, akanyoosha kiganja kupima nafasi iliyopo kati ya ekseli na kitako cha mashine.

"Hili lisingeingia hapa," akasema. "Mashine yangu inaishia upana wa sentimeta thelathini, na hili ni arobaini. Kamati yenu wangekuja, ningewaambia haiwezekani."

Nilimwomba aseme tena. Akasema tena. Nilirudi Njombe nimepakata dunia yangu, na ningekutana na yule mama wa boga ningempa aishike mwenyewe.

Siku ya sikukuu, kabla ya misa, tuliipachika dunia kwenye kiti chake, sanamu ikasimama juu yake, vijiti viwili vya chuma vilivyo chini ya miguu yake vikazama kwenye matundu niliyotoboa bila kucheza. Mwenyekiti aligonga mbao kwa kifundo cha kidole mara tatu, akazunguka nyuma, akagonga tena. Halafu akanipa mkono, akaushika kwa muda mrefu. Akina mama walipiga vigelegele hadi padre akatoka sakristia kuuliza kama misa imeanza bila yeye. Mama mkwe hakupiga. Alikuwa amesimama katikati yao wima kabisa, akiwatazama mmoja mmoja wale waliokuwa wakimuuliza, na kila aliyetazamwa aliongeza kigelegele.

Nilikuwa na furaha isiyo na adabu. Nilimtafuta yule mwashi kwenye umati nikamwomba radhi kwa habari ya fremu, mbele ya watu, kama nilivyomlaumu mbele ya watu. Akasema alishasahau, ila nirudie kwa sauti zaidi. Nikarudia.

Mchana tulikwenda kwa mama mkwe kula. Watu walikuwa wengi, nami nilikaa mbali naye kama inavyopasa, karibu na dirisha. Chakula kilipoisha alimwita mke wangu akae karibu. Hakupunguza sauti.

"Mwambie mwenzako achague mbao za jeneza langu."

Waliokuwa wakikusanya sahani waligeuka.

"Azipeleke Makambako zikauke," akaendelea. "Azipime na ule mzani wa viazi. Zikishakauka azilete hapa, zihifadhiwe juu ya dari, chumbani kwangu. Na mwambie mimi siumwi. Asizikimbize."

Mke wangu alinigeukia, akafungua mdomo kufikisha ujumbe, akashindwa. Machozi yalikuwa yanamtoka. Kwetu mtu mzima mwenye wakwe, watoto na majirani mafundi haagizi hivyo ovyo. Anaiacha familia ihangaike siku ikifika, na jeneza linanunuliwa popote lilipo tayari. Yeye alikuwa amechagua akiwa hai, ameshiba, mbele ya watu wote, mikono itakayomfunika.

"Nimesikia, mama," nikasema mwenyewe, nikatoka nje haraka kwa sababu nilikuwa nalia na kucheka kwa wakati mmoja. Jumatatu nilikwenda Matembwe kuchagua mbao. Nilichagua zilizo pana, maana yeye ni mama mwenye mwili na hapendi kubanwa.